Ndevu Zangu na Pumzi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili la kurasa tisini na sita kwa kazi moja tu: kuandika maovu ya shemeji yangu, moja baada ya jingine, ili siku ya kumlipa nisisahau hata tone. Wengine huandika siku za kuzaliwa za watoto. Mimi naandika dhambi za Bati.

Bati ni kaka mkubwa wa mke wangu, na ni fundi bodi. Gari likibonyea yeye hulinyoosha kwa nyundo, kisha mimi nalipaka rangi. Miaka tisa tumekaa karakana moja. Yeye wanamwita Bati, mimi wananiita Kioo, na jina halikuokotwa njiani. Nimepaka rangi meli tatu, ndege moja ndogo na jeneza la tajiri, katika nchi nne, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika, hasa yule wa jeneza.

Leo asubuhi nimefika karakana nikakuta kufuli jipya. Bati yuko ndani, anapiga mluzi. Nikagonga. Akaniambia kupitia ufa wa mlango, "Shemeji, pumzika. Macho yako yameisha. Rangi nitapaka mwenyewe."

Macho yangu! Mimi ninayeona unywele mmoja kwenye rangi nyeusi jua likiwa limeshazama!

Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa na habari. Kinyozi alinipa pole kama mfiwa. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti chake, povu limejaa mashavuni. Nikalifuta kwa kiganja, nikasimama, nikaapa mbele ya watu watano: wembe hautagusa uso huu mpaka Bati aje kwangu kwa miguu yake, aniombe nimpakie gari rangi. Watu wakapiga makofi. Napenda kuapa mbele ya watu. Nikiapa peke yangu huwa nalegea.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu hajanisahau. Mama Mabasi ana mabasi madogo kumi na mawili, na yote yamepauka kama nguo za mtumba. Bati amemtia maneno kwamba mimi sioni tena. Yule mama si wa kuambiwa, ni wa kuonyeshwa. Amenipa basi moja, Bati moja. "Nyeupe, na mstari wa buluu," amesema. "Mvua zikikatika nitayaweka barabarani yote mawili, jua liyapige. Atakayenipendeza anachukua yaliyobaki."

Nikamwambia, "Mama, mwambie mwenzangu aanze kutafuta kazi ya kuuza karanga."

"Mdomo unao, Kioo," akasema. "Nangoja mikono."

Jumamosi, 8 Machi

Nimejenga karakana yangu mwenyewe uani. Miti minane, turubai juu, nailoni pande zote hadi chini, upande mmoja umeegemea ukuta wa nyumba, chini ya dirisha letu la chumbani. Hata inzi haingii. Mvua ipige itakavyo, hakuna tone wala vumbi litakalogusa rangi yangu.

Mke wangu ni msusi, wateja wake hukaa barazani. Akauliza, "Na hewa inatokea wapi humo?"

"Hewa ya nini? Napaka gari, sifugi kuku."

Nimemtuma kwa kaka yake akaniletee barakoa yangu iliyobaki kule. Si barakoa ya kitambaa hiyo. Ni ya mpira, ina vichujio viwili vya makaa pembeni, niliipata nilipokuwa kiwanda cha meli. Kule kila asubuhi msimamizi alikuwa anapita anatupapasa mashavu kwa nyuma ya mkono, na mwenye vijinywele anarudishwa bafuni na wembe. Sijui walikuwa wana chuki gani na ndevu, watu wale.

Mke karudi nayo ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni mafundo matatu. "Kaka kasema iweke hivi hivi, isikae wazi."

Nimecheka. Bati anifundishe mimi kutunza barakoa! Nimeitundika kwenye msumari ndani ya hema, mkono ukinyooka unaifikia.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Ndevu zinawasha.

Jumanne, 11 Machi

Msasa kutwa. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimepuliza rangi ya kwanza. Kwa asiyejua: hii si rangi ya ukutani. Inakuja makopo mawili, moja ni rangi, jingine ni hadina. Peke yake kila moja ni maji tu. Ukizichanganya zinaanza kukasirika, na baada ya muda zinakuwa jiwe. Ikikauka huwezi kuikwaruza hata kwa ukucha wa shetani. Ndiyo maana naipenda. Ina tabia kama yangu.

Nimepuliza saa tatu mfululizo, nailoni imefungwa kwa sababu ya mvua. Ukungu ulijaa mpaka sikuona bunduki ya rangi mkononi mwangu. Nikawa namwona Bati mle kwenye ukungu, kapiga magoti. Rangi imetoka safi sana.

Jioni nimekohoa kidogo. Nimekunywa nusu lita ya maziwa kusafisha kifua, kama mafundi wote.

Jumanne, 18 Machi

Nimepuliza. Nimekohoa. Maziwa.

Jumatano, 19 Machi

Kama jana. Wateja wawili wa mke wangu wameondoka na nywele zimesukwa nusu, wanasema macho yanawachoma. Mke kahamia baraza ya jirani na kigoda chake bila kunisemesha. Amenuna. Akiona mabasi kumi na mawili yamepanga foleni getini atanunua sura mpya.

Jumapili, 23 Machi

Sijafanya kazi leo. Kifua shwari, nimepanda mlima wa sokoni nikiimba. Maziwa yanasaidia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kazini, na kufikia jioni kifua kimekaza kama mtu kanifunga mkanda wa suruali mbavuni na bado anavuta. Nikilala chali nasikia filimbi. Nilidhani ni ya mlinzi wa mtaani, kumbe inatoka kwangu.

Nimekaa nikafikiri, na nikifikiri huwa napata jibu. Barakoa ninayo, ya kiwandani, si mchezo. Kwa nini nikohoe? Na barakoa hiyo ilikuwa mikononi mwa nani wiki nzima? Nani aliifunga mafundo matatu, mafundo matatu, kama hirizi? Nani alituma salamu isikae wazi? Alitaka nisiifungue nikaichunguza. Ametia kitu kwenye vichujio. Ameona kunifungia mlango hakutoshi, sasa anataka kunifunga pumzi.

Bati, sikiliza, maana najua siku moja utasoma hapa. Nitashinda yale mabasi. Nitayapaka yote. Na kila asubuhi nitawaomba madereva wapite mbele ya karakana yako, polepole, mmoja mmoja, wapige honi. Wapige honi mpaka nyundo ikuponyoke ikuangukie kidole. Ukihama mtaa, nitaomba wabadilishiwe njia.

Nimeandika hayo nikajisikia vizuri, kisha nikakohoa mpaka machozi.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepita nyuma ya karakana ya zamani, kwa bahati mbaya, kama mtu anavyoweza kupita kwa bahati mbaya mahali ambapo hana kazi. Kuna ufa kwenye mabati naujua. Nikachungulia.

Bati anapuliza rangi! Kafunga milango yote kwa ajili ya mvua, na usoni kajifunga leso. Leso yenye maji, kama mtu anayekata vitunguu. Fundi wa nyundo, anashika bunduki ya rangi kama anamwagilia bustani.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema moyoni, vuta, shemeji. Vuta vizuri, usiache kitu.

Jumatatu, 31 Machi

Mstari wa buluu umenyooka kama neno la kweli. Imebaki klia tu, ile vanishi ya juu inayong'aa. Nayo ina hadina.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika kwa shida, nimelazwa hospitali.

Leo asubuhi nilianza klia. Nilipuliza mlango mmoja. Katika mlango wa pili kifua kilifunga, sisemi kilibana, kilifunga, kama lile kufuli la Bati. Nilikuwa natoa hewa haitoki, navuta haiingii. Nilitaka kuita nikakuta sauti ni hewa pia. Mimi, ambaye hakuna kikao nimewahi kukaa nikakosa neno! Nilipasua nailoni kwa mikono, nikaangukia kwenye tope la uani, na jambo la mwisho ninalokumbuka ni miguu ya mke wangu inakimbia, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Walinipeleka hospitali kwenye toroli la mchanga la jirani. Andika hilo nalo, Kioo. Lipo kwenye hesabu ya Bati.

Alhamisi, 3 Aprili

Daktari wa kifua ni binti mdogo, mwanangu wa mwisho anaweza kumpita umri. Alinipa kibomba nipulize kwa nguvu zangu zote.

"Binti yangu," nikamwambia, "mimi nimepuliza tarumbeta kwenye bendi ya bandarini. Tafuta bomba jingine, hili nitalipasua."

Nikapuliza. Mshale ulipanda kidogo ukachoka.

"Tena, mzee."

Nikapuliza tena.

"Haya ni mapafu ya mtu wa miaka themanini," akasema. Nina hamsini na mbili.

Nikamweleza habari za Bati zote, kufuli, macho, mafundo matatu. Nilikuwa nimemtuma mke akaniletee barakoa kama ushahidi, nikataka daktari aniandikie barua niipeleke polisi. Mke nikamwomba atoke nje, maana mambo haya yanamhusu ndugu yake.

Daktari aliigeuza geuza. "Ivae kama unavyovaa kazini. Sasa ziba vichujio vyote viwili kwa viganja. Vuta hewa ndani. Inakunyonya uso?"

"Hapana."

"Ikikaa sawasawa, ukivuta inakubana usoni na haiachii. Hewa inaingilia wapi?"

Nilijua. Nilikuwa naisikia, baridi, mashavuni na chini ya masikio, inapita katikati ya ndevu kama upepo kwenye majani. Nikakumbuka yule msimamizi na mkono wake, kila asubuhi, miaka miwili. Miaka miwili nimepapaswa mashavu na sikuuliza kwa nini.

"Nani alikwambia ufuge ndevu na kazi hii?"

"Bati," nikasema. Akaningoja. "Mimi," nikasema.

Akauliza huwa naiweka wapi. Nikasema msumarini, ndani ya hema. "Basi makaa yalikuwa yanakunywa mvuke wiki nzima, hata wewe ukiwa umelala. Angeyaacha yamefungwa ndani ya mfuko yangedumu." Nilitazama pembeni. Mafundo matatu.

"Na hata yangekuwa mapya," akasema, "hii hadina haina harufu ya kukuonya makaa yakishindwa. Wanaofanya kazi hii kwa usalama hawafanyii chini ya dirisha la chumba cha kulala. Wanavaa kofia yenye bomba, hewa safi inatoka mbali, nje kabisa."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanakwenda tumboni, mzee. Mvuke unakwenda mapafuni. Ni nyumba mbili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema mwili wangu umeshaichukia hadina, na chuki hiyo haitoki. Nikinusa hata kidogo, kifua kitafunga. Siku moja kitafunga kisifunguke. Nisiipulize tena, wala nisikae inapopulizwa.

"Kwa muda gani?"

"Sijasema muda."

Kisha akachukua kalamu. "Mkeo nitampima leo hii. Kuna mwingine unayemjua anapuliza rangi hii bila bomba la hewa? Akija mapema, kabla mwili haujaichukia, tunaweza kumwahi."

Nilimwona Bati na leso yake, wazi kabisa, kama yuko kwenye ukuta wa pale ofisini.

"Simjui," nikasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Mke wangu mzima, kifua chake hakina kitu. Nimemwambia yangu ni baridi ya mvua. Hema nimelibomoa. Ndevu nimezinyoa mwenyewe bafuni, mtaani nimesema ni chawa. Watu wameamini haraka kuliko nilivyopenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekaa dirishani na kopo la dawa ya kuvuta. Basi liko uani, mlango mmoja unang'aa, kwingine kumefifia. Miaka thelathini ya kazi imeishia kwenye mlango mmoja wa basi dogo. Ningepewa kuchagua wa kumrithisha ugonjwa huu, nisingeuliza mara mbili. Na tazama, sihitaji kufanya lolote. Sihitaji hata kunyanyua kidole. Kisasi kizuri namna hii sijawahi kukisikia popote, na nimetembea. Kazi yangu ni kunyamaza tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimesikia kompresa ya Bati, ile mashine ya upepo wa kupulizia, inanguruma toka asubuhi. Sikusema.

Jumanne, 8 Aprili

Inanguruma. Sikusema.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekutana naye dukani, ana rangi nyeupe kwenye nyusi na puani. "Shemeji, pole, nasikia chawa walikushambulia mpaka hospitali."

"Wamehama," nikasema. "Wanatafuta kwako."

Alicheka, akakohoa. Kidogo tu. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyemeza unga. Alinunua maziwa, nusu lita. Sikusema.

Ijumaa, 11 Aprili

Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu wa aina yangu. Sikusema.

Jumapili, 13 Aprili

Mke katoka kwa kaka yake. Tulikuwa tunakula.

"Kaka ana kikohozi," akasema. "Kinamshika jioni. Ajabu, leo hajakohoa hata mara moja, anasema maziwa yamemponya."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

"Una nini?"

"Baridi."

"Wewe na baridi yako. Kilianza hivi hivi kwako, jioni jioni. Jumapili ukapanda mlima unaimba, nakumbuka." Aliweka bakuli chini. "Baba, daktari alikwambia nini siku ile ulivyonitoa nje?"

Mke wangu hana shule nyingi kunishinda, lakini kichwani mwake mambo hukaa kwa mstari, kama misuko. Nikajaribu utani. Ukafia mezani. Nikamwambia yote, mpaka lile neno "simjui".

Sikuwahi kuogopa kelele zake. Hakupiga kelele. Alinitazama kama anatazama mteja aliyekuja na kichwa kichafu.

"Siku kumi," akasema. "Umekaa hapa siku kumi unasikiliza kompresa ya ndugu yangu kama watu wanavyosikiliza redio."

"Alinifungia mlango!"

"Alikufungia mlango. Mlango! Wewe unamfungia nini?"

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi mke kaenda kumwambia Bati. Karudi kabla uji haujapoa. "Amecheka. Anasema umenituma. Anasema umeshindwa kumaliza basi lako, sasa unataka na yeye aache lake. Leo anapiga klia, kesho Mama Mabasi anapita kukagua, amechoka kungoja mvua."

Nilimwelewa Bati, hiyo ndiyo shida. Ningekuwa mimi ningecheka zaidi.

Nikaenda mwenyewe. Nilisimama upande upepo unakotoka, mbali na mlango, kopo langu la dawa mkononi. Nikaita. Akatoa kichwa, leso shingoni.

"Kioo! Kumbe chawa ni uongo, kiapo ndicho kilikushinda, na sasa umekuja na habari za madaktari."

"Shemeji, zima mashine. Hiyo hadina inakula kifua. Mimi nimekwisha. Wewe bado."

"Kesho Mama Mabasi anakuja, na leo ndiyo unagundua kwamba nina mapafu?"

"Nimegundua siku kumi na moja zilizopita. Nilikunyamazia makusudi."

"Unaona?" Akageuka kwa wapita njia. "Mnamsikia? Anasema mwenyewe alitaka nife, halafu anataka nimwamini!"

Nimekaa na wanasheria, mabaharia na wauza magari mabovu, na sijawahi kukosa hoja. Pale nilikosa. Kila uongo niliowahi kumwambia yule mtu ulikuwa umesimama mbele yangu umekunja mikono. Bati akavuta leso, akarudi ndani, mlango ukafungwa. Nikasikia bunduki ya rangi inaanza, shhh, shhh, na katikati yake kikohozi.

Kompresa iko nje, chini ya upenu, mimi ndiye niliyeiweka pale. Mpira wa upepo unaingia ndani kwa tundu la ukutani. Nikatoa kisu cha kukatia karatasi za rangi. Pumzi nilikuwa nimeishikilia tangu mbali. Nikaukata mpira mara moja, kwa nguvu zote.

Uliruka kama nyoka, ukanipiga shingoni, ukawa unachapa mabati na kupiga kelele. Nikauzima mtambo, nikang'oa na waya wa umeme, nikautupa juu ya paa. Kisha nilivuta hewa, na ile kidogo iliyokuwa inavuja ukutani ikanitosha. Nilikaa chini kwenye maji ya mvua, nikavuta dawa mara mbili, mara tatu.

Bati alitoka. Nusu ya basi lake inang'aa, nusu imefifia, na klia iliyobaki kwenye bunduki inageuka jiwe. Watu wamejaa. Nikasikia mwanamke anasema, "Hicho ndicho kisasi, alikuwa ameahidi." Bati alinyanyua nyundo. Kifua changu hakikuwa na nafasi ya neno. Akanitazama pale kwenye maji, akaishusha.

Na sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Mpira ulipokatika, nilifurahi. Nilifurahi mpaka kwenye kucha. Ningeukata tena.

Jumanne, 15 Aprili

Mama Mabasi kaja. Kaliona langu lina mlango mmoja uliokamilika, la Bati lina upande mmoja. "Nina nusu mbili," akasema, "na sina basi." Kisha akanigeukia. "Na fundi anayekata mpira wa mwenzake simpi hata baiskeli." Mabasi yote yanakwenda mji mwingine, haya mawili atayafuata mvua zikikatika.

Sikumweleza. Ningeeleza nini? Kwamba nilikuwa nafanya wema? Na uso huu?

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Hakuna anayenisalimia isipokuwa kinyozi, naye anakaa mbali na chawa.

Alhamisi, 1 Mei

Jua la kwanza. Bati kaja uani, mchana kweupe, kwa miguu yake. Sikumsikia akigonga, nilimsikia akitukana.

Tulitukanana vizuri, kama zamani. Aliniita mchawi wa rangi. Nikamwita mwizi wa makufuli. Akasema nimemharibia bunduki. Nikasema ameniharibia jina. Nikanyanyuka nimsogelee, hatua nne, tano, na ya sita sikuifika. Nikashika ule mlango wa basi unaong'aa, nikainama. Filimbi ikaanza.

Bati alitega sikio. Yeye hugonga bati kwa kidole na kusikiliza, anajua palipooza bila kupaona. Alisikiliza muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo sauti inatoka kwako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Inaanzaje?"

"Jioni," nikasema, nilipoweza. "Kikohozi kikavu. Jumapili huna. Jumatatu kinarudi na ndugu zake."

Alifuta uso kwa kiganja, kutoka paji la uso hadi kidevuni. Tangu nikate mpira wake hajapuliza tena, na hajakohoa tena. Nilimwona anaihesabu hesabu hiyo, polepole, kwa vidole.

"Yule daktari," akasema, "anakaa wapi?"

Ijumaa, 2 Mei

Tumekwenda wote watatu. Bati kapuliza kibomba, mshale ukapanda mpaka juu ukagonga mwisho. Bila shaka. Kifua chake kizima. Daktari kamwambia ameachia mahali pazuri, na asiiguse hadina mpaka awe na kofia ya bomba la hewa. Kisha akanitazama mimi. "Huyu ndiye yule usiyemjua?"

"Bado namchunguza," nikasema.

Bati anasema nirudi karakana. Mimi nikae nje ya geti, upande wa upepo, nichanganye rangi kwa macho, nimwelekeze kwa mdomo. Anasema macho yangu si mabaya sana. Nimemwambia nitafikiria. Bado ni adui yangu. Nataka ajue hilo, na nataka awe na mapafu mazima kabisa siku nitakapomlipa, maana kumpiga mtu anayepiga filimbi kifuani hakuna utamu.

Kurudi tulipanda ule mlima wa sokoni. Mke alitangulia na mazungumzo yake. Mimi nilifika robo nikaanza kutweta, nikajifanya natazama mandhari. Bati naye akasimama. Akainama, akasema anafunga kamba za viatu, akafunga muda mrefu, mpaka filimbi yangu ikatulia. Tukaenda. Kidogo tena, akainama, kamba. Mlima mzima amesimama mara tatu kufunga kamba za viatu, bila kunitazama hata mara moja.

Alikuwa amevaa ndala.

Hilo nalo sitamsamehe.